Wanafunzi wa kada tano, mteja mmoja: mnapangaje utengamao wa jamii isiwe kila mtu na fomu yake?

Mratibu_Vitendo

Habari za kazi, wakuu.

Naomba mnisaidie mpangilio. Wanafunzi ni 20, wanne kwa kila kada: udaktari, uuguzi, fiziotherapia, tiba kwa vitendo (ya kumwezesha mtu kufanya shughuli zake za kila siku) na famasia. Wote wamebakiza mwaka mmoja kumaliza. Wana wiki nne za utengamao katika jamii, yaani kumsaidia mtu arudishe uwezo wa kuishi maisha yake, na kazi yenyewe ni kuwafuata wateja majumbani: waliopata kiharusi, walioumia uti wa mgongo, wazee wanaoanguka mara kwa mara.

Kwenye karatasi tumeandika "kujifunza kwa pamoja". Nyumbani kwa mteja inakuwa foleni. Wa uuguzi anapima presha, akimaliza anampisha wa fizio, wa fizio anampisha wa tiba kwa vitendo. Mteja anaulizwa "tatizo lilianza lini?" mara tano. Ripoti ya kundi ni ripoti tano zilizobanwa kwa pini moja.

Ninachouliza: kundi liwe la watu wangapi, wiki ya kwanza wafanye nini, nani amsimamie mwanafunzi siku ambayo msimamizi wa kada yake hayupo, na alama zitolewe vipi. Aliyewahi kupanga kitu cha namna hii aseme.

---

Goti_na_Nyonga

Foleni hiyo ni kawaida, na chanzo chake ni fomu. Mwanafunzi hufuata karatasi aliyoishika. Ukimpa karatasi ya kada yake atafanya kazi ya kada yake, hata kama wenzake wamemkalia magotini.

Maelezo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2010 yanadai mambo matatu kwa mpigo: watu wa kada mbili au zaidi wajifunze kuhusu wenzao, kutoka kwa wenzao, na pamoja na wenzao. Ratiba nyingi huishia kwenye "pamoja", tena pamoja ya kukaa chumba kimoja tu. Na kuchanganya watu peke yake kunaweza hata kuharibu. Mwanasaikolojia Gordon Allport aliliandika mwaka 1954, akizungumzia chuki baina ya makundi: kukutana hupunguza dharau pale tu watu wanapokuwa na hadhi sawa ndani ya hiyo kazi, wana lengo moja, wanategemeana, na wenye mamlaka wanaunga mkono. Ukiwapeleka watano, wa udaktari akawa ndiye anayeuliza na wa uuguzi ndiye anayeandika, umewarudishia dharau waliyokuja nayo, safari hii ikiwa na muhuri wa chuo.

Kwa idadi yako gawa makundi manne ya watu watano, kila kada mmoja. Lakini wasiingie watano nyumbani kwa mtu. Waingie wawili wa kada tofauti, na kila safari jozi ibadilike. Watatu wanaobaki wana kazi: kila mmoja anawapa wanaokwenda maswali matatu ya kuuliza na kitu kimoja cha kuangalia kwa macho. Wa famasia anamwambia wa fizio, "omba akuletee dawa zote, na zile za zamani zilizobaki, usimuulize tu majina." Wa tiba kwa vitendo anamwambia wa uuguzi, "usimuulize kama anajiogesha, mwombe akuonyeshe anavyoingia bafuni." Kwa njia hiyo analazimika kujua mwenzake anatafuta nini na kwa nini. Wakirudi, wenye maswali wanayadai majibu. Jibu likiwa bovu, anayekosolewa ni swali lilivyoelezwa, si aliyetumwa.

Wiki ya kwanza hakuna tiba. Karatasi ni moja, ifuate ICF, mfumo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2001 wa kueleza ulemavu na uwezo wa mtu: mwili unafanyaje kazi, shughuli gani anaweza na zipi hawezi, anashiriki wapi katika maisha, mazingira yanamsaidia au yanamkwamisha, na yeye mwenyewe ni mtu wa namna gani. Usiweke safu ya "fizio" wala "uuguzi". Mwisho wa karatasi lengo liandikwe kwa maneno ya mteja. "Kuongeza nguvu ya paja la kushoto" ni lengo la mwanafunzi. "Niende msalani bila kumwita mwanangu" ndilo lengo la mteja.

Nionyeshe kwa mfano mmoja tu mambo yanapoharibika: kumhamisha aliyepooza upande mmoja kutoka kitandani kwenda kwenye kiti. Kiti kikae upande wenye nguvu, kimeinamia kitanda kidogo, nyuzi 30 hadi 45. Breki zote mbili zifungwe na vikanyagio vitolewe, maana mguu hunasa hapo. Mteja asogee hadi ukingoni mwa kitanda, nyayo zote mbili zikanyage sakafu, kisha ainame mbele mpaka pua ipite juu ya vidole vya miguu. Bila kuinama huko makalio hayanyanyuki, na msaidizi ndiye atakayebeba mwili mzima. Msaidizi anazuia goti dhaifu kwa goti lake, anashika kiunoni au nyuma ya bega. Mkono uliopooza hauvutwi, na kwapa halishikwi kamwe. Misuli inayolibana bega imelegea, mfupa unaning'inia kwenye kiungo, na mvuto mmoja tu unaweza kuacha maumivu ya miezi.

Sasa wa fizio anataka mteja aegemee upande dhaifu, maana ndiko anakotaka nguvu irudi. Wa uuguzi anataka upande wenye nguvu, maana saa nane usiku hakuna wa kumdaka. Wa tiba kwa vitendo anataka njia itakayofaa pia kwenye choo. Wote wana hoja. Mlezi akionyeshwa njia tatu ataishia kwenye ya nne, ambayo ni kumnyanyua kwa makwapa. Kwa hiyo kundi likae mezani liamue: njia ya kila siku ni hii moja, kila kada inaifundisha vilevile, na ile ya kuegemea upande dhaifu ni ya zoezi, inafanywa mtaalamu akiwepo. Mabishano ya kufika hapo ndiyo somo lenyewe, usiyakatishe mapema.

---

Dawa_na_Saa

Naunga mkono maswali ya kutumwa. Naongeza wazee wanaoanguka, maana hapo kada zako zote tano zina kazi na hakuna hata moja inayoweza kumaliza peke yake.

Wa fizio atapima kwa saa: mteja ainuke kwenye kiti, atembee mita 3, ageuke, arudi, akae. Ikichukua sekunde 12 au zaidi kuna hatari ya kuanguka. Vizuri. Lakini mwanafunzi akiishia hapo atagawa mazoezi ya miguu kwa mtu anayeanguka kwa sababu presha inashuka akisimama. Wa uuguzi ampime akiwa amelala dakika 5, kisha dakika ya 1 na ya 3 baada ya kusimama. Namba ya juu ikishuka 20 au zaidi, au ya chini 10 au zaidi, hiyo ni presha inayoshuka kwa kusimama. Kosa la kawaida ni kumpima akiwa amekaa, akasimama, akapimwa tena. Kukaa huficha sehemu ya mshuko.

Halafu wa famasia anapanga dawa mezani kwa saa zinazomezwa, si kwa majina. Ya presha, ya usingizi, ya tezi dume, na ya kuongeza mkojo inayomezwa jioni. Hiyo ya mwisho inampeleka chooni saa saba usiku, kwenye njia ambayo wa tiba kwa vitendo ameshaandika kwamba haina taa na ina mkeka uliokunjamana. Ukizisoma ripoti tano kila moja kivyake, hakuna inayosema kwa nini mzee anaanguka. Ukiziweka juu ya saa moja, ya saa saba usiku, jibu linajitokeza.

Mpaka lazima ufundishwe: mwanafunzi haambii mteja "hii imeze asubuhi". Anapeleka hoja kwa aliyeandika dawa. Wazoeze sentensi nne kwa mpangilio huu: kinachotokea sasa, historia kwa ufupi, tunavyoona sisi, tunachoomba. Wanafunzi wengi huishia ya tatu na kumwachia daktari abahatishe wanataka nini. Ya nne ndiyo ya kukazia.

---

Meza_Salama

Mkuu, huna mwanafunzi wa tiba ya usemi kwenye orodha yako, na una wateja wa kiharusi. Angalau leta mtaalamu siku moja, wiki ya kwanza, maana kumeza ndipo wanafunzi wa kada nyingine wanapovuka mipaka bila kujua.

Wote wafundishwe haya: mteja akae wima wakati wa kula na abaki wima dakika 30 baada ya kula. Kinywa kisafishwe kila siku, kwa kuwa uchafu wa kinywani ukiingia mapafuni ndio unaoleta nimonia. Kikohozi katikati ya tonge na sauti kuwa ya majimaji baada ya kunywa ni ishara za kutoa taarifa siku hiyohiyo. Na wajue kwamba wapo wanaopaliwa kimya. Kutokukohoa si cheti cha usalama.

Kisichogawanywa kwa kada nyingine: kuamua kinywaji kiwe chepesi au kizito kiasi gani, na kumwambia mteja ainamishe kidevu. Kuinamisha kidevu kunawasaidia baadhi na wengine hakuwasaidii. Anayeamua ni aliyempima. Wengine kazi yao ni kutekeleza walichoandikiwa, na hapo wanaweza kusaidia sana kwa kipimo cha IDDSI, madaraja ya kimataifa ya wepesi na uzito wa vinywaji na vyakula kwa wenye shida ya kumeza. Chukua bomba la sindano la mililita 10 lisilo na sindano, ambalo kutoka alama ya 0 hadi ya 10 ni milimita 61.5, kwa sababu mabomba hayafanani. Ziba chini kwa kidole, jaza hadi 10, achia kwa sekunde 10, ziba tena, soma kilichobaki. Chini ya mililita 1 ni daraja la 0. Kati ya 1 na 4 ni daraja la 1, kati ya 4 na 8 daraja la 2, zaidi ya 8 lakini bado kinatiririka ni daraja la 3. Kisipotoka kabisa ni la 4. Mlezi akiweza kufanya hivi jikoni kwake, ugomvi wa "mzito kiasi gani" umekwisha.

Na hapa famasia anaingia tena. Mteja asiyeweza kumeza vidonge, mlezi huvisaga. Kidonge cha kutoa dawa polepole kikisagwa, dozi ya siku nzima inaingia kwa mara moja. Chenye ganda la kukilinda na tindikali ya tumbo nacho hakisagwi. Wa uuguzi akiona kinu na mchi karibu na dawa, amwite wa famasia kabla ya kumwita mtu mwingine yeyote.

---

Mratibu_Vitendo

Asanteni sana, nimeshaanza kuchora upya. Bado nimekwama pawili. Kikao cha kundi: kila nikikaa pembeni, wa udaktari ndiye mwenyekiti hata kama hakuna aliyemchagua, na wa famasia anaongea akiulizwa tu. La pili, usimamizi. Wasimamizi wapo wawili kwa siku, kada ni tano.

---

Kiti_cha_Kati

La uenyekiti usiliachie hiari. Weka zamu iliyoandikwa: kila kikao mwenyekiti wa kada tofauti, mwandishi wa kada nyingine, na mwenyekiti haruhusiwi kuzungumza wa kwanza. Dakika 40 zinatosha: 5 za lengo la mteja, 15 za kilichobadilika tangu mara ya mwisho, 15 za uamuzi, 5 za nani anafanya nini na lini. Wanaochelewa huwa wamekwama kwenye dakika 15 za kwanza, wakisomeana majalada. Piga marufuku vifupisho. Herufi zilezile zina maana mbili kwa kada mbili, na anayeona aibu kuuliza ndiye anayekaa kimya. Huyo wa famasia wako huenda hana woga wowote, huenda hafuati tu kinachosemwa.

Usimamizi ugawe vipande viwili. Kipande cha kwanza ni yale yanayomhusu kila mwanafunzi: kuomba ridhaa, kuzungumza, kuandika, kutunza siri, kufika kwa wakati, kufanya kazi na wenzake. Hayo msimamizi wa kada yoyote anayaweza na anayapatia alama. Kipande cha pili ni ujuzi wa kada: kuchezesha kiungo, kusafisha kidonda, kurekebisha kifaa. Hapo anahitajika wa kada ileile, awepo au afikike kwa simu, na kabla ya safari mwanafunzi aandike ni yapi ameruhusiwa kufanya peke yake, yapi mbele ya msimamizi, yapi asiguse. Karatasi hiyo msimamizi wa siku anakuwa nayo mkononi. Bila hiyo, siku muuguzi anasimamia, wa fizio atafanya chochote kwa sababu hakuna wa kumkatalia, au hatafanya chochote kwa sababu hakuna wa kumruhusu.

Siri niikazie. Wanafunzi hufungua kundi la simu siku ya kwanza, na ifikapo Ijumaa lina picha za vidonda na nyumba za watu. Waambieni mapema picha zinahifadhiwa wapi, kwa ridhaa ya nani, na kwamba kundi la simu ni la ratiba tu.

Alama: mpango mmoja wa kundi, alama moja kwa wote, lakini isizidi nusu, la sivyo wawili watafanya kazi na watatu watasaini. Nusu nyingine ni ya mtu binafsi, na swali zuri kuliko yote ni hili: "Taja uamuzi mmoja uliobadili baada ya kumsikia mwenzako wa kada nyingine, na ueleze kwa nini." Anayebabaisha utamjua sentensi ya pili. Dodoso za mtazamo, kama ile ya RIPLS ya mwaka 1999 yenye vipengele 19, inayopima utayari wa kujifunza na kada nyingine, zitumie ukipenda, ila usizifanye kipimo kikuu. Wanafunzi huanza na alama za juu tangu siku ya kwanza, kwa hiyo hakuna nafasi ya kuona wamepanda.

Maendeleo ya mteja yapime kwa ngazi za −2 hadi +2 ambazo watafiti Kiresuk na Sherman walizileta mwaka 1968, 0 ikiwa ndipo tunapotarajia afike. Ziandikwe mwanzoni, si mwishoni. Kwa yule wa msalani: −2 anahitaji watu wawili, −1 anahitaji mmoja wa kumshika (ndipo alipo leo), 0 anakwenda mchana huku mtu amesimama karibu bila kumgusa, +1 anakwenda peke yake mchana, +2 peke yake mchana na usiku. Kundi likibishana kama 0 imewekwa juu mno au chini mno, hapo utaona nani kazisikia kada nyingine.

---

Baraza_la_Nje

Mmezungumza vizuri, lakini nyote mmeishia mlangoni. Utengamao wa jamii ulizaliwa baada ya tamko la Alma-Ata la mwaka 1978 kuhusu afya ya msingi, na mwongozo wake wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2010 una nguzo tano: afya, elimu, riziki, maisha ya kijamii na uwezeshaji, kila moja na vipengele vitano, jumla 25. Kada tano za Mratibu zote zimekaa kwenye nguzo moja. Anayezijua nne zilizobaki ni mhudumu wa jamii wa eneo hilo, na mara nyingi mteja mwenyewe au chama cha watu wenye ulemavu. Wawe walimu wenye saa kwenye ratiba na malipo kama mwalimu mwingine, wasiwe wa kuonyesha njia tu.

Chukua kiti cha magurudumu. Wanafunzi watapima vizuri: kina cha kiti ni kutoka nyuma ya makalio hadi nyuma ya goti, toa sentimita 3 hadi 6. Kikiwa kirefu, ukingo unagusa nyuma ya goti, mteja anateleza mbele, anakalia mkia wa uti wa mgongo, kidonda kinaanza. Wa uuguzi anaona kidonda, wa fizio anaona mgongo uliopinda, na sababu ni moja, kiti. Watamfundisha pia kupunguza mgandamizo: kuinama mbele au kuegemea upande kwa dakika mbili hivi, kwa kuwa kujiinua kwa mikono sekunde chache hakutoshi damu kurudi kwenye ngozi.

Kisha kiti kinabaki ndani. Mlango una kizingiti cha sentimita 15. Kwa uwiano wa 1 kwa 12, hicho kinataka mteremko wa sentimita 180, na nje hakuna nafasi hiyo. Mhudumu wa jamii ndiye anayejua fundi gani, jirani gani atakubali mteremko upite ubavuni kwake, na kama mteja anataka kutoka kwenda kazini au ibadani. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa viti vya magurudumu wa mwaka 2023 una hatua nne: kuchagua, kurekebisha kwa vipimo, kufundisha, kufuatilia. Wanafunzi wa wiki nne hawafiki ya nne. Kwa hiyo swali la wiki ya kwanza liwe: nani ataendelea sisi tukiondoka? Kama hakuna jina, msianzishe.

Hapo natofautiana kidogo na Goti_na_Nyonga. Wiki nzima bila tiba yoyote ni ndefu kwa mteja. Ameulizwa, amepimwa, hajapata kitu. Katika safari ya pili kitu kimoja kidogo kirekebishwe, hata kama ni kupandisha kitanda kilingane na kiti au kubadilisha mpira wa fimbo uliolika.

---

Goti_na_Nyonga

Nakubali, Baraza. Nilimaanisha wasianze mazoezi kabla ya kupanga. Mpira wa fimbo hausubiri kikao.

---

Mratibu_Vitendo

La mwisho, mtanisamehe. Karatasi ya kumwachia mlezi iwe na nini? Ya sasa ina kurasa sita, kila kada na yake.

---

Meza_Salama

Ukurasa mmoja, upande mmoja, herufi kubwa. Juu kabisa lengo kwa maneno ya mteja. Chini yake vitu visivyozidi vitano, vimepangwa kwa saa za siku: akiamka, akila, mchana, jioni, usiku. Michoro ya kumhamisha ionyeshe upande wake halisi uliopooza, maana michoro ya kunakili huwa ya upande mwingine na mlezi huifuata ilivyo. Mistari miwili ya hatari: ukiona hivi, mpigie huyu, na jina liwe la anayebaki, si la mwanafunzi.

Kabla ya kuibandika, mlezi afanye kila kitu kilichoandikwa mbele ya wanafunzi wawili wa kada tofauti, wao wakiwa kimya. Akikwama, karatasi ndiyo inayoandikwa upya.